Barua ya wazi kwa mnaokwangua milango ya Mji Mkongwe

Kwa wakandarasi, mafundi rangi na wenye nyumba mnaokarabati majumba ya Mji Mkongwe, Unguja.
Nakala kwa wote wanaotia saini vibali vya ukarabati.

Waheshimiwa, ndugu zangu na mafundi wenzangu,



Anayewaandikia ni fundi seremala aliyekula jasho lake katika milango ya mji huu kwa zaidi ya miaka arubaini. Nimechonga, nimeunga, nimebadilisha vizingiti vilivyoliwa na mchwa, na nimeondoa rangi ya zamani kwenye milango mingi mno, hata idadi yake imenipotea. Kwa hiyo msinione mtu wa nje anayechungulia kazi asiyoijua. Nawaandikia hadharani kwa sababu faragha nimeshajaribu. Nimewafuata mmoja mmoja, kazini na misikitini, na jibu mnalonipa halibadiliki: "Mzee, kazi hii ina tarehe yake ya kumalizika."

Wiki tatu nyuma, nyumba inayopakana na yangu ilianza kutengenezwa iwe ya kulaza wageni. Vijana wawili walikuja na grainda, wakapitisha waya dirishani, wakaanza na bawa la kulia la mlango mkubwa. Ilikuwa saa nne ya asubuhi. Kichochoro chetu ni chembamba. Nikinyoosha mikono nagusa kuta mbili. Vumbi halikuwa na pa kwenda. Lilitanda kwanza kama moshi wa ubani, lina ukijani kwa mbali, kisha likaanza kushuka. Lilishuka juu ya kanga zilizoanikwa, juu ya sinia la mchele aliokuwa akiuchagua binti yangu, juu ya meza ya mama anayeuza urojo pale pembeni, na juu ya baraza yangu. Mjukuu wangu wa miaka mitatu alikuwa amekaa barazani. Alipitisha kidole juu ya lile vumbi, akachora mstari mrefu, akautazama. Kisha akakitia kidole mdomoni.

Niliinuka nikambeba, nikawaomba wale vijana wazime mashine. Wakazima kwa adabu. Nilipoingia ndani kumkosha mtoto mikono, nikaisikia inanguruma tena.

Vijana wale siwalaumu. Mmoja alijifunga kitambaa puani, mwenzake alivuta shati lake likamfunika mdomo, na hiyo ndiyo kinga yote waliyopewa. Lawama yangu iko kwa aliyewatuma, na kwa sisi sote tuliofanya kazi hii kwa miaka mingi kana kwamba rangi kuukuu ni uchafu kama uchafu mwingine. Hoja zangu ni hizi.

1. Rangi mnayoikwangua haitoweki, inahama

Inatoka mlangoni na kuingia mapafuni, kwenye matangi ya maji yaliyo juu ya mapaa, kwenye mazulia na vyakula. Na rangi ya zamani si unga wa kawaida. Kwa muda mrefu rangi za mafuta zilitengenezwa kwa madini ya risasi, yaani madini yale yale mazito yaliyomo kwenye betri za magari na kwenye chubwi za wavuvi. Nyeupe iliyosifiwa kwa kufunika vizuri ilikuwa nyeupe ya risasi. Manjano kali ilikuwa na risasi. Kijani, ambayo mji huu umeipenda sana kwenye milango na madirisha yake, mara nyingi ilipatikana kwa kuchanganya manjano hiyo na buluu. Hata dawa iliyotiwa ndani ya kopo ili rangi ikauke upesi mara nyingi ilikuwa na risasi pia.

Hatari hii haikugunduliwa jana. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuwakinga wapaka rangi na nyeupe ya risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi ya risasi majumbani mwaka 1978. Huku kwetu makopo yaliendelea kufunguliwa, na kila Idi ilipokaribia mlango uliongezewa mkono mmoja wa rangi juu ya mkono wa mwaka uliopita. Siku ile niliokota ganda la rangi lililodondoka mbele ya nyumba ya jirani. Nene kama kucha ya dole gumba. Nilipolitazama ubavuni kwa miwani ya kusomea, lilikuwa tabaka juu ya tabaka kama chapati iliyosukumwa vizuri: maziwa, hudhurungi, kijani, kijani iliyokoza zaidi, buluu, nyeupe iliyogeuka njano, na mwisho kabisa wekundu wa kutu ulioshika mbao. Ganda moja lilikuwa limebeba maisha ya nyumba nzima. Ipi kati ya tabaka hizo ina risasi na ipi haina? Kwa macho hajui mtu, si mimi wala nyinyi. Grainda ilizisaga zote pamoja bila kuuliza.

2. Anayeumia kwanza ni asiyejua kusema

Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini. Limesema pia kwamba mtoto mdogo akiimeza, mwili wake unanyonya mara nne hadi tano zaidi ya mwili wa mtu mzima. Risasi huenda kwenye ubongo unaokua, kwenye figo na kwenye damu, halafu hujificha katika mifupa na meno, ikae humo miaka na miaka. Mwanamke akishika mimba, ile iliyolala mifupani mwake tangu utotoni hutoka na kumfikia mtoto aliye tumboni. Mara nyingi hakuna homa wala upele. Mtoto anaonekana mzima, ila skuli hashiki anachofundishwa, hatulii, na mwalimu anaandika kwamba ni mvivu. Kwenye chuo cha Kurani anachapwa kwa kusahau sura aliyoihifadhi juzi.

Na hapa nina jambo langu la kulisema, kwa sababu sitaki kunyooshea kidole wengine huku mkono wangu nimeuficha. Katika miaka yangu ya mwanzo nilichoma rangi kwa tochi ya gesi, bila ya kinga, ndani ya vyumba vilivyofungwa. Jioni nilirudi nyumbani na nguo zile zile. Marehemu mke wangu alizikung'uta uani kabla ya kuzifua, na watoto wetu walikuwa wakicheza hapo hapo. Hakuna aliyeniambia. Lakini sasa najua, na nyinyi mkishasoma barua hii mtakuwa mmejua.

Majirani zetu wa Mombasa walijifunza kwa gharama kubwa. Mtaa wa Owino Uhuru ulitiwa sumu na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za risasi. Watoto waliugua na watu walikufa. Kesi iliyoanza kwa mama mmoja mfanyakazi, Phyllis Omido, kutaka kujua kilichomfanya mwanawe augue ilipanda hadi Mahakama ya Juu ya Kenya, ambayo Desemba 2024 iliirudisha hukumu ya fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kile kilikuwa kiwanda, na hapa ni milango, naelewa kwamba vipimo si sawa. Lakini madini ni yale yale, na mwili wa mtoto hauulizi yametoka wapi.

3. Mlango mnauua kwa kutaka kuutengeneza

Hapa naomba mniwie radhi nikirefusha, maana ndipo roho yangu ilipo.

Tangu wageni waanze kuja kwa wingi, na hasa tangu UNESCO iuingize Mji Mkongwe katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, imezuka imani kwamba mlango wa Kizanzibari wa kweli ni ule wa mbao tupu, uliopigwa vanishi ukang'aa. Huo ndio unaopigwa picha. Kwa hiyo kila anayenunua nyumba, agizo lake la kwanza kwa fundi ni kutoa rangi yote. Nani aliwaambia kwamba milango yote ya zamani ilikuwa mitupu? Kule Siyu na kwingineko katika visiwa vya Lamu, nakshi zilitiwa nyekundu, nyeusi na nyeupe makusudi. Katika mji huu nimekuta chembe za rangi ndani ya nakshi, chini kabisa, zimeshika mbao kama zilizaliwa nazo. Anayekwangua mpaka mwisho anaweza kuwa anaondoa kile kile alichokuja kukitafuta.

Sasa tazameni grainda inavyofanya. Nakshi ya mlango mara nyingi haina kina kikubwa. Mnyororo unaozunguka miimo, magamba ya samaki, mtende, yungiyungi: vyote vimekaa juu ya ngozi ya mbao, na ngozi hiyo imekomazwa na jua na chumvi kwa miaka mia na zaidi. Diski inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika haitambui rangi imeishia wapi na mbao imeanzia wapi. Kingo kali alizoziacha mchongaji kwa patasi zinageuka mviringo, kama sabuni iliyokwisha tumika. Misumari ya shaba inakatwa vichwa. Mfaa, ule mwimo wa katikati unaobeba nakshi, unabaki na mistari ya duara duara ambayo hata vanishi haiwezi kuificha. Vanishi huionesha zaidi.

Juu ya milango mingine, kwenye kizingiti, pameandikwa aya, au jina la mwenye nyumba, au mwaka wa Hijria. Kwa baadhi ya nyumba hizo, huenda hayo ndiyo maandishi ya pekee tuliyo nayo.  Nimeona kizingiti kimoja ambacho tarakimu mbili za mwaka zimesagwa zikalingana na ubao, zimebaki mbili. Mwenye nyumba alikuwa amefurahi kwa sababu mbao imekuwa nyororo. Nilisimama pale mlangoni nikashindwa kupata neno la kumwambia.

Halafu ile vanishi ngumu mnayoipaka mwisho, kwenye mlango unaopigwa na jua la mchana na upepo wa bahari, itapasuka na kubanduka baada ya misimu michache. Na mtarudi tena na mashine.

4. Moto na dawa kali si njia ya mkato

Wapo wanaojigamba kwamba wao hawatumii grainda. Wanatumia tochi ya gesi, au magadi makali ya kuchomea, au kopo la dawa kutoka dukani.

Moto unafanya risasi itoke kama mvuke, na mvuke huo hauzuiwi na kitambaa wala barakoa ya hospitali. Nchini Marekani, kanuni ya ukarabati iliyoanza kutumika mwaka 2010 kwa nyumba zilizojengwa kabla ya 1978 inakataza kuchoma rangi kwa moto wa wazi, inakataza mashine ya hewa ya moto inayozidi nyuzi joto 593 za Selsiasi, na inakataza kusaga rangi kwa mashine isiyokuwa na kifyonza vumbi chenye chujio maalumu. Na wao wanazungumzia hata nyumba za majuzi. Nyumba zetu nyingi ni za karne ya 19, zimejengwa kwa mawe, boriti za mikoko na dari kavu kama njiti. Cheche moja ikiingia nyuma ya mwimo, moto unakaa humo kimya hadi usiku.

Magadi makali yanakula rangi, ni kweli, na yanakula mbao pia. Msaji unageuka mweusi, nyuzi zinasimama kama manyoya, viungo vinalegea. Yanayobaki ndani ya vishimo vya nakshi yanaendelea kutoka polepole na kuibandua rangi mpya, hata ukiukosha mlango mara tatu. Na kuhusu makopo ya dawa, soma kilichoandikwa ubavuni. Ukikuta dichloromethane, rudisha kopo lilikotoka. Marekani ilizuia kuuzwa kwa dawa hiyo ya kutolea rangi kwa watumiaji wa nyumbani mwaka 2019, kwa sababu watu walikufa wakiitumia ndani ya vyumba visivyopitisha hewa.

5. Kuta nazo

Kwa kuta nitasema machache. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa unapumua: unanywa unyevu na kuutoa. Mkiupaka rangi ya plastiki, unyevu unabaki ndani na chumvi inaisukuma rangi itoke mapovu. Mnapoona mapovu mnachukua nyundo na patasi, mnaangusha lipu yote ya chokaa, mnapiga saruji. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lililo nyuma yake na haipitishi hewa, kwa hiyo maji yanatafuta njia nyingine, na njia yenyewe ni vichwa vya boriti. Rangi ya plastiki iliyovimba mnaweza kuibandua kwa skrepa na maji ya vuguvugu; inatoka mapande kwa mapande. Chokaa ya zamani iliyoko chini yake iacheni. Chokaa haikwanguliwi. Hupigwa brashi ikatoka inayopukutika, ikaloweshwa, ikapigwa nyingine juu yake, kama mama zetu walivyofanya kila mwaka kabla ya Ramadhani. Lakini kama ukuta ulipakwa rangi ya mafuta kiunoni kwenda chini, kama ilivyokuwa desturi kwenye ngazi na kumbi nyingi, hapo yote niliyoyasema kuhusu milango yanahusika.

6. Kibali kinasema rangi gani ipakwe, hakisemi ya zamani itolewe vipi

Hili ni kwa wenye kalamu. Nimeona vibali vinavyotaja aina ya dirisha, urefu wa ukuta, hata rangi inayoruhusiwa upande wa barabarani. Sijaona kimoja kinachouliza: rangi iliyopo imepimwa? Itaondolewa kwa njia gani? Vumbi litakwenda wapi? Dunia sasa inahimizwa kuweka kikomo cha sehemu 90 za risasi katika kila sehemu milioni za rangi iliyokauka, na ni jambo jema kabisa. Lakini kikomo hicho ni cha kopo jipya. Ile iliyokwisha pakwa ukutani tangu enzi za babu zetu haikaguliwi na mtu, na ndiyo inayosagwa leo vichochoroni. Petroli ya risasi tuliiondoa. Kufikia Januari 2006 nchi zote za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa zimeiacha. Kwa hiyo tusiambiane kwamba hatuwezi.

7. Ninachoomba

Kwanza, pimeni kabla ya kugusa. Kateni kipande kidogo cha rangi, tabaka zote hadi kwenye mbao, kitieni kwenye kifuko, kipelekwe maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Na wenye maabara nawaomba watangaze huduma hii kwa bei ambayo mwenye nyumba ya kawaida ataimudu, si mwenye hoteli peke yake. Mpaka majibu yarudi, ichukulieni rangi ile kuwa ina risasi.

Pili, ulizeni kama kuna haja ya kuitoa. Rangi iliyoshika vizuri kwa kawaida haimdhuru mtu mahali ilipo. Sugueni kidogo kwa msasa wa maji ili mpya ipate pa kushika, pakeni juu yake, basi. Pabovu ndipo pa kutolewa. Najua mkandarasi anayelipwa kwa mita hataki kusikia haya, lakini kuiacha ilipo ndiyo kazi ya ufundi katika milango mingi, na ndiyo rahisi kuliko zote.

Tatu, panapobidi kutoa, itolewe kwa maji na kwa mkono. Tandikeni nailoni nzito chini, funikeni mbele kwa turubai. Lowesheni kwa chupa ya kunyunyizia, kwangueni kwa skrepa yenye makali, nyunyizieni tena. Ndani ya nakshi tumieni vijiti vya mbao ngumu na brashi, msitie chuma. Mwisho wa siku msifagie kwa ufagio mkavu. Futeni kwa matambara yaliyolowa, mara mbili, kwa maji mapya. Fundi avae barakoa ya kuzuia vumbi la sumu, si kitambaa, akoshe mikono na uso kabla ya kula, na abadilishe nguo pale pale kazini. Asizipeleke nyumbani kwake. Naomba muirudie sentensi hiyo.

Nne, wajulisheni majirani siku tatu kabla. Waambieni wafunge madirisha, wafunike matangi, waanue nguo. Msifanye kazi hiyo saa ambazo watoto wanapita kwenda na kutoka chuoni. Wala msimpe kijana aliye chini ya miaka kumi na minane kazi ya kukwangua, hata akiwa mwanao unayemfundisha.

Tano, maganda na vumbi vitiwe mifukoni, vifungwe, vipelekwe mahali palipokubaliwa na Baraza la Manispaa. Visimwagwe mtaroni, maana mitaro yetu inaishia baharini. Na kwa jina la Mungu, mbao kuukuu zenye rangi msizitoe kuni. Nimeona vipande vya madirisha vikibebwa kwa gari la kukokota kwenda kupikiwa. Moshi wake ni ule ule wa tochi ya gesi, na juu yake pamewekwa chungu.

Sita, wanaotoa vibali waongeze ukurasa mmoja. Mmoja tu: majibu ya kipimo, njia ya kuondoa rangi, jina la msimamizi anayewajibika, na ahadi kwamba mlango wenye nakshi au maandishi hautaguswa na mashine yoyote inayozunguka. Kabla ya kazi, mlango upigwe picha, na picha ziwekwe kwenye faili. Atakayevunja, kazi isimamishwe siku hiyo hiyo.

Mtaniambia kwamba yote haya ni gharama. Ni kweli. Bawa moja ambalo grainda inalimaliza kabla ya adhuhuri, mimi kwa mkono linanichukua wiki nzima na pengine zaidi. Lakini hesabu hiyo imeandikwa nusu. Nusu ya pili inalipwa na mama wa urojo anayemwaga sufuria yake, na binti anayerudia kufua, na mzazi atakayehangaika na mtoto asiyeshika masomo bila kujua sababu. Mwenye nyumba ya wageni anayetoza kwa usiku mmoja fedha ambazo jirani yake hazioni kwa mwezi anaweza kulipa wiki ya fundi. Anayesema hawezi, asiununue mlango wa nakshi.

Mjukuu wangu tumempeleka hospitali, tumeomba apimwe damu. Tunasubiri majibu.

Mlango wa jirani bado una bawa moja lililosalimika, la kushoto. Nimezungumza na msimamizi, na amekubali kunipa siku saba. Jumatatu saa moja asubuhi nitakuwepo pale na turubai, ndoo mbili, chupa ya maji na skrepa zangu. Fundi yeyote anayetaka kuona kazi inavyofanywa bila ya vumbi aje, awe amechelewa au amewahi. Sitoi masharti wala sitaki malipo. Aje na nguo za kubadilisha.



Fundi seremala, Mji Mkongwe, Unguja